Subaru Forester kwa mtu wa Jinja anayepanda Kapchorwa: ninunue au niache?

Mwalimu wa Bugembe

Ndugu zangu, salaam. Mimi ni mwalimu wa sekondari, ninaishi Bugembe, nje kidogo ya mji wa Jinja, na kila mwezi mara moja au mbili hupanda Kapchorwa kwa wakwe zangu, ambako pia tuna shamba dogo la kahawa. Kwa miaka tisa nimetumia Corolla ambayo haijawahi kuniaibisha njiani. Lakini pale lami inapoishia na njia ya shambani kuanza, mvua ikiwa imenyesha, hulazimika kuliacha gari kwa jirani na kumalizia safari kwa miguu, magunia yakinifuata juu ya boda boda.

Sasa nataka kubadilisha, na moyo umeipenda Forester. Nimepata mbili za kuchagua. Ya kwanza ni ya mwaka 2005, imetumika hapa hapa Uganda kwa miaka mingi, na mwenyewe ni mwenzangu wa kazi anayestaafu. Bei yake ni ya kirafiki, ila anakiri kwamba hakumbuki belti ya taimingi, ule mkanda unaofungua valvu za injini kwa wakati wake, ilibadilishwa lini. Ya pili ni ya mwaka 2012, ingali katika bondi, yaani yadi ya magari yaliyoagizwa kutoka nje, jijini Kampala, haijapata namba, na bei yake ni karibu mara mbili ya ile ya kwanza. Zote mbili ni za petroli, injini ya lita mbili, gia otomatiki, hazina tabo.

Kinachonisumbua ni maneno ya watu. Shemeji yangu anasema Subaru ikichemka mara moja tu, ni heri uipeleke kwa wanunuzi wa vyuma chakavu. Fundi wangu wa Corolla, ambaye ninamwamini, alipofungua boneti ya ile ya 2005 alijikuna kichwa, akasema injini hii imelala, naye hana hamu nayo. Dereva mmoja wa stendi ya Mbale, kwa upande wake, anaapa kwamba hajaendesha gari linaloshika barabara kama hilo. Sasa mimi sielewi kwa nini Wajapani hao hao, wanaotengeneza magari ambayo fundi yeyote wa kijijini anayafahamu, waamue kuilaza injini. Hii ni kampuni ya namna gani, na waliotumia magari yake katika barabara zetu wameona nini? Ningependa kuwasikia waliomiliki, si waliosimuliwa.

Mzee wa Mbarara

Mwalimu, swali lako la mwisho ndilo la kuanza nalo, kwa sababu ukijua injini hiyo ililazwa na nani, mengine utayaelewa bila kumsubiri shemeji.

Walioanzisha kampuni hii hawakuwa watu wa magari, walikuwa watu wa ndege. Mwaka 1917 mhandisi mmoja wa jeshi la majini la Japani, Chikuhei Nakajima, aliacha jeshi akafungua karakana ya ndege katika mji wa Ota, mkoa wa Gunma, na karakana hiyo ikakua hadi ikawa miongoni mwa viwanda vikubwa kabisa vya ndege nchini mwao. Wakati wa Vita vya Pili vya Dunia, kiwanda hicho ndicho kilichounda injini ya Sakae iliyorusha ndege za kivita za Zero, ijapokuwa Zero yenyewe ilibuniwa na Mitsubishi. Japani iliposhindwa mwaka 1945 ilikatazwa kutengeneza ndege, na wahandisi waliokuwa wamezoea kuhesabu uzito wa kila skrubu wakabaki mikono mitupu. Walishika kilichokuwapo. Mwaka 1946 walitengeneza skuta iliyoitwa Rabbit, na ile ya majaribio waliifunga magurudumu ya mkiani mwa ndege ya kivita yaliyosalia ghalani.

Kampuni yenyewe ilivunjwavunjwa baada ya vita. Mwaka 1953 vipande vitano vikaungana tena na kuanzisha Fuji Heavy Industries, na rais wake wa kwanza, Kenji Kita, akayachagulia magari yao jina la Subaru. Wengi wanadhani ni jina la ukoo wa mtu, kama Toyota ilivyotokana na familia ya Toyoda. Sivyo. Subaru ni lile kundi la nyota ambalo sisi kwa Kiswahili tunaliita Kilimia, na neno hilo kwa Kijapani lina pia maana ya kukusanyika. Iangalie nembo mbele ya gari la mwenzako: nyota moja kubwa na tano ndogo, yaani kampuni mpya pamoja na zile tano zilizoizaa. Wazee wa pwani walikuwa wakiitazama Kilimia ili kujua majira ya kulima, wakisema kwamba ikizama kwa jua huzuka kwa mvua, na ikizama kwa mvua huzuka kwa jua. Mimi huona jina hilo linalifaa gari ambalo watu wetu hulikumbuka mvua inapoanza.

Turudi kwenye injini. Gari lao dogo la mwaka 1958, Subaru 360, liliundwa chini ya Shinroku Momose, mhandisi aliyetoka kwenye ndege, na halikufika hata kilo 400. Mwaka 1966 walitoa Subaru 1000, na hapo ndipo injini ilipolala. Katika injini ya kawaida silinda zimesimama kwa mstari mmoja, kama chupa kwenye kreti. Katika hii zimelala ubavuni, mbili kushoto na mbili kulia, na pistoni zake hutoka na kurudi kama ngumi za mabondia wanaokabiliana, ndiyo maana ikaitwa injini ya boksa. Mtikisiko wa upande mmoja hufutwa na wa upande wa pili, na uzito hukaa chini karibu na ardhi. Gia boksi inakuja nyuma yake, katikati kabisa ya gari, kwa hiyo kurefusha shafti hadi magurudumu ya nyuma halikuwa jambo la kulipindua gari zima.

Faida ya mwisho hiyo haikuonekana hadi kampuni ya umeme ya Tohoku, kaskazini mwa Japani, ilipotaka gari la kuwapeleka mafundi wake kwenye milima yenye theluji, gari lenye kuvuta kwa magurudumu yote manne lakini lenye starehe ya gari la familia. Wakala wa Subaru wa mkoa wa Miyagi aliwatengenezea moja la majaribio, na mwaka 1972 kiwanda kikatoa Leone ya fowili. Mwalimu, mtu wa nguzo za umeme kwenye theluji na wewe mwenye magunia ya kahawa kwenye utelezi mna shida moja.

Habari za mashindano nitazipitia haraka, kwa sababu vijana huzitia chumvi. Ni kweli kwamba Colin McRae alitwaa ubingwa wa dunia wa rali kwa Subaru Impreza mwaka 1995, Richard Burns mwaka 2001 na Petter Solberg mwaka 2003, na kwamba Impreza ilishinda Safari Rally huko Kenya mwaka 1997 na tena mwaka 2000. Wengi wetu tulifuatilia redioni. Lakini gari lililoshinda Safari lilikuwa na kikosi cha mafundi nyuma yake, na lako litakuwa na fundi mmoja mwenye wateja wanane.

Kuhusu mimi mwenyewe: nina Subaru Legacy ya mwaka 1996, nimekaa nayo tangu 2008, na kazi yake kubwa ni Mbarara hadi Kabale na kutoka Kabale kwenda Kisoro. Anayeifahamu njia ya Kanaba anajua ukungu wake wa asubuhi na kona zile ambazo lori huchukua pande zote mbili, wake na wako. Pale ndipo nilipoipenda. Gari halilali upande kwenye kona, na ukikanyaga petroli katikati ya kona iliyolowa, nyuma hakukimbii. Mafuta inakula: kwa milima ile sipati zaidi ya kilomita tisa kwa lita, na anayekuambia kwamba hupata kumi na tano anauza gari.

Dereva wa Mbale

Mzee amenena vizuri, lakini Mwalimu ameuliza kama anunue. Mimi nasema atafute RAV4. Siyo kwamba Subaru ni mbaya. Ni kwamba gari linapoharibika Kapchorwa siku ya Jumapili jioni, spea ya Toyota utaipata hata kwa muuza mitungi ya gesi, na spea ya Subaru utaingojea ipande basi kutoka Kampala. Mtu anayeenda mlimani mara mbili tu kwa mwezi ahesabu pia siku nyingine ishirini na nane.

Fundi wa Ndeeba

Ndugu yangu Dereva hajasema uongo kuhusu spea, ingawa siku hizi hata Mbale kuna maduka mawili matatu yanayozileta. Mimi nimekuwa nikifungua injini hizi kwa miaka kumi na saba, na mengi ninayoyaona katika gereji yangu hapa Ndeeba, Kampala, hayakuanzia kiwandani, yalianzia kwa mtu aliyelishika gari hilo kama Corolla. Mwalimu, niruhusu nieleze kwa kirefu kidogo, maana fundi wako aliyejikuna kichwa alikuwa mkweli kuliko wengi.

Habari ya kuchemka na ya gasketi ya hedi, ile inayoziba kati ya bloku ya injini na hedi iliyo juu yake, ina asili yake. Iliyojulikana duniani kwa kuvujisha gasketi ni injini ya lita mbili na nusu ya kizazi cha zamani, EJ25, iliyouzwa sana Marekani. Hizi za lita mbili tunazozipata kutoka Japani hazina sifa mbaya kiasi hicho. Sasa kwa nini nazo zinaletwa kwangu zikiwa zimechemka? Ni maji. Gari linafika kwa fundi wa barabarani, anaona themostati, ile valvu inayoongoza mzunguko wa maji kulingana na joto, anaitoa na kuitupa, eti injini ipoe zaidi. Kulanti, yaani maji yenye dawa ya kupozea injini, inamwagwa, rejeta inajazwa maji ya bomba. Bloku na hedi za injini hii ni za alumini, na maji matupu huanza kuzila taratibu kutoka ndani, bila mtu kuona, hadi njia za rejeta zinaziba kwa uchafu wa rangi ya kutu.

Tena kuna hewa. Kwa kuwa injini imelala, hewa hunaswa ndani ya njia za maji kwa urahisi. Juu ya rejeta za Subaru nyingi, pembeni, kuna kifuniko kidogo cha plastiki ambacho watu hawajui ni cha nini. Ni cha kutolea hewa. Mimi hulisimamisha gari pua juu kidogo, hukifungua kifuniko hicho, humimina kulanti polepole hadi itoke pale bila mapovu, hukifunga, kisha huwasha injini na hita ya ndani ikiwa imefunguliwa mwisho, nikingoja feni ijiwashe mara mbili. Kazi hiyo huchukua karibu saa nzima. Asiye na subira humimina mpaka juu, hufunga, hupokea pesa, na gari linachemka kabla ya kufika Mukono.

Jambo la pili ni belti. Ile ya 2005 ina mkanda wa taimingi mrefu unaozunguka pande zote mbili za injini, na kiwanda kinataka ubadilishwe ifikapo kilomita 100,000. Ukikatika, pistoni hugonga valvu na kuzipinda, na hapo huna injini. Asiyekumbuka alibadilisha lini, mchukulie kwamba hajabadilisha. Na usikubali kubadilisha mkanda peke yake: badilisha pamoja na roli zake, tenshena inayoukaza na pampu ya maji, kwa sababu vyote viko nyuma ya kifuniko kimoja na kazi ya kufungua ni ile ile. Niliwahi kutoa belti moja mwezi uliopita ambayo meno yake ukiyapindua kwa kidole yalikuwa yakionyesha nyuzi, na mwenye gari alikuwa anatoka Gulu nalo, akiimba.

Ile ya 2012 haina belti. Kuanzia mwishoni mwa 2010 Forester za Japani za lita mbili zisizo na tabo zilianza kupewa injini mpya, FB20, ambayo taimingi yake ni ya mnyororo. Wauzaji wa bondi hukuimbia sifa hiyo, na ni kweli, lakini hawakuambii upande wa pili: injini za FB za miaka ile ya mwanzo zimejulikana kwa kunywa oili, hata wamiliki wa Marekani wakaishtaki kampuni, na shauri hilo likamalizwa kwa makubaliano mwaka 2016. Si kila moja inakunywa. Ila ukiinunua, kijiti cha kupimia oili kiwe kama mswaki wako. Pima kila Jumapili, gari likiwa mahali tambarare na injini imepoa, na uandike. Mnyororo huishi kwa oili, na oili ikipungua mnyororo ndio wa kwanza kulalamika. Halafu angalia umbo: mwishoni mwa 2012 Forester mpya ilitoka, na gia boksi yake otomatiki ni ya CVT, isiyo na gia za hatua. Ile ya umbo la kabla yake ina gia nne za kawaida, ambazo kwa mafundi wetu ni rahisi zaidi.

Jambo la tatu linawachosha hata wateja wangu wa siku nyingi, nalo ni matairi. Gari hili linavuta kwa magurudumu yote manne muda wote. Ukifunga tairi moja jipya na matatu yaliyoisha, moja linazunguka idadi tofauti na mengine, na ile klachi ya ndani ya gia boksi inayogawa nguvu mbele na nyuma inakuwa ikisuguana kutoka nyumbani hadi kazini. Utalitambua gari lililoumia hivyo unapokata kona kali taratibu, kwa mfano ukigeuza kwenye uwanja wa petroli: linarukaruka na kukwama, kama mtu ameshika breki kwa siri. Otomatiki nyingi za zamani zina kishikizo cha fyuzi ndani ya boneti kilichoandikwa FWD. Ukichomeka fyuzi pale, nguvu ya nyuma hukatwa, na kama kurukaruka kunakwisha, umekwishajua ugonjwa ulipo. Usinunue kabla ya kulifanya jaribio hilo.

Mengine ni madogo. Plagi zimekaa ubavuni, mkono haupiti vizuri, ndiyo maana wavivu huziacha mpaka gari likohoe. Vifuniko vya valvu vikivuja, oili hudondokea bomba la ekzosti na utanusa harufu ya kuungua unaposimama kwenye taa. Si mwisho wa dunia, ni gasketi za mpira tu. Na baadhi ya Forester za umri ule wa 2005 zina shokapu za nyuma zinazojiinua zenyewe gari likibeba mzigo. Zikifa, nyuma hulala kama fisi. Watu hufunga shokapu za kawaida na kuacha springi zile zile laini, kisha wanashangaa kwamba gari bado limelala. Springi nazo zibadilishwe.

Mama wa Koboko

Mwalimu, salaam kutoka kwetu Koboko. Mimi ni mfanyabiashara wa vitenge na vyombo, na Forester yangu ya mwaka 2004 imenizungusha Arua, Yumbe na Moyo kwa miaka sita. Nimeyasoma maneno ya Fundi nikacheka peke yangu, kwa sababu kila alilolisema limenipata isipokuwa la kuimba.

Nilikuwa naelekea Kampala, mpwa wangu akiendesha, mimi nikiwa nimesinzia kiti cha nyuma kati ya mabunda. Mpira wa juu wa rejeta ulipasuka. Kijana aliona geji ya joto imepanda, akaona pia kwamba kituo cha biashara hakiko mbali, akasema moyoni kwamba afadhali afike penye watu. Hazikupita kilomita sita. Nilipozinduka gari lilikuwa limezimika lenyewe na boneti inatoa mvuke, naye amesimama kando, shati mkononi, akilipepea kama mtoto mwenye homa. Simlaumu sana, ni mimi niliyempa ufunguo bila kumwambia kwamba sindano ile ikivuka nusu, unasimama hapo hapo, hata kama ni katikati ya pori.

Kosa la pili lilikuwa kubwa kuliko la kwanza. Fundi tuliyempata hapo alinihakikishia kwamba Subaru ni kazi yake ya kila siku. Aliishusha injini chini ya mwembe, na hedi zilizopinda hakuzipeleka kwa mashine. Alitandika msasa juu ya kipande cha kioo na kuzisugua kwa mkono siku nzima, nami nikakaa kwenye kiti cha plastiki nikimwona mtu mwenye bidii. Baada ya wiki mbili maji yalianza kupungua tena, na ukifungua tangi dogo la maji asubuhi unakuta mapovu na harufu ya petroli. Nikalipakia gari kwenye lori hadi Kampala. Huko hedi zilipelekwa kwa mashine ya kunyoosha, zikafungwa gasketi za chuma zenye tabaka kadhaa, na kazi yote ilinigharimu faida ya miezi mitatu. Huu ni mwaka wa nne sasa na sijaongeza maji ila kwenye kioo cha mbele.

Sasa utaniuliza kwa nini sikuliuza. Njoo wakati wa mvua uone barabara za udongo za huku kwetu, zilizochimbwa na malori. Nimepita mahali ambapo magari yaliyoinuka juu kuliko langu yalikuwa yamelala kwenye mtaro, nami nilipita polepole kwa gia ya chini, magurudumu yakitafuta ardhi moja baada ya jingine, bila kushuka hata kuvua viatu. Watoto wa dada yangu huliita gari la shangazi lisiloogopa tope.

Ila nikuonye jambo ambalo wanaume hawataliandika. Madirisha ya milango ya Forester hizo za zamani hayana fremu juu: ukifungua mlango, kioo kinasimama peke yake. Ni mapambo mjini. Kwenye maramu, mipira ikizeeka, vumbi linaingia kama limealikwa, na vitenge vyangu vyeupe nimejifunza kuvifunga kwenye plastiki mbili. Ile ya umbo la baada ya hapo, kama hiyo ya 2012, ina fremu. Kama mkeo ndiye atakayepanga mizigo, muulize yeye kwanza.

Mwalimu wa Bugembe

Wazee wangu, Mama na Fundi, asanteni sana. Jana jioni nilikwenda kwa mwenzangu na fyuzi mfukoni. Niliizungusha ile ya 2005 taratibu kwenye uwanja wa shule, usukani nimeukata mwisho, na haikurukaruka hata kidogo. Matairi yote manne ni ya aina moja na yameisha sawasawa. Nilipofungua boneti ilinukia kidogo ile harufu ya oili iliyoungua, na maji ya tangi dogo ni ya kijani, si ya kutu. Mwenzangu alicheka aliponiona nimepiga magoti nikinusa chini ya gari lake, kisha akaniletea daftari la mke wake, ambamo kila oili iliyowahi kubadilishwa imeandikwa pamoja na kilomita. Belti haimo.

Kwa hiyo nimeanza kuielemea hiyo kuliko ile ya bondi, ijapokuwa ni mzee kwa miaka saba. Mke wangu ameuliza kuhusu vumbi, nami nimemwahidi mipira mipya ya milango. Swali langu kwa Fundi ni moja: nibadilishe belti kabla ya kulipa, au nilipe kwanza nije nalo Ndeeba?

Fundi wa Ndeeba

Mwalimu, daftari hilo lina thamani kuliko miaka saba. Gari la bondi linakuja na namba za kilomita kwenye dashi na karatasi ya mnada, na kuna watu wanaozijua njia za kuzichezea zote mbili.

Usilipe kwanza, wala usibadilishe belti ya gari ambalo bado si lako. Kubaliana naye bei, utoe ndani yake gharama ya belti, roli, tenshena, pampu ya maji na gasketi za vifuniko vya valvu, naye kwa kuwa ni mwenzako wa kazi hatakataa. Lakini kabla ya kuandikiana, nenda asubuhi moja kabla hajaliwasha, na umwombe tangu usiku asiliguse. Fungua tangi dogo la maji injini ikiwa baridi, kisha awashe, wewe ukiwa umeinama pale pale. Mapovu machache ya mwanzo hayana neno. Yakiendelea kupanda mfululizo kama uji unaotokota, na injini haijapata hata moto, mshukuru, mfunike boneti yake, na urudi kwenye Corolla yako.

Maji yakitulia, usije nalo Ndeeba kwa kuliendesha. Kilomita themanini kwa belti ambayo hakuna aijuaye umri wake ni nyingi. Nitampakia kijana wangu kwenye teksi na vifaa, ataifungua hapo hapo Bugembe. Andaa kivuli, na mkeka wa kulalia, maana nusu ya kazi hiyo hufanyiwa chini.